Mwalimu wa Chekechea Naye Apewe Ngazi ya Kupanda



Huenda wengine wenu mtauliza kwa nini karatasi hii ya wafanya kazi wa reli imeingia katika habari za shule za watoto wadogo. Jibu letu ni fupi. Watoto wale ni wetu. Tukiwa zamu ya usiku, au tukiwa njiani siku tatu mbali na nyumba zetu, yuko mama mmoja anayeketi nao tangu asubuhi, akiwafundisha kushika kalamu, kunawa mikono, kungoja zamu na kusema maneno yao pasipo kuona haya. Tena wake zetu na dada zetu wengi ndio hao walimu wenyewe. Na taabu iliyowapata ni taabu ambayo sisi watu wa reli twaifahamu sana, yaani kufanya kazi isiyo na cheo mbele yake.

Katika reli ngazi ilikuwako tangu zamani. Siku za injini za moshi kijana aliingia karakana akisafisha injini, baadaye akawa mchochezi wa moto, na akishinda mtihani aliweza kutazamia udereva. Pointiman alitazamia kuwa stesheni masta. Kibarua wa genge alitazamia kuwa nyapara. Wazee wetu walilia kwamba ngazi yenyewe ilikuwa imefungwa kwa rangi ya ngozi. Katika utumishi wa Serikali za Afrika Mashariki, mpaka ilipokuja Tume ya Lidbury mwaka 1954, mtu asiye Mzungu alipewa sehemu 3 katika 5 za mshahara wa Mzungu mwenye elimu ile ile na kazi ile ile. Jambo hilo liliwauma sana, lakini hata hivyo ngazi waliiona kwa macho, wakajua mlango upi wa kugonga.

Mwalimu wa chekechea hana hata ngazi ya kuifungua.

Tuangalie habari zake kidogo. Baada ya Uhuru mwaka 1963 wazazi walijenga shule nyingi za nasari kwa Harambee, wakamtafuta msichana wa kijiji mwenye kusoma kidogo, wakamwambia, wewe ndiwe mwalimu wetu. Mshahara wake ulitoka katika ada za wazazi, na mwezi ambao wazazi hawakulipa, naye hakulipwa. Mwaka 1980 shule hizo zikawekwa chini ya Wizara ya Elimu. Mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, na mwaka uliofuata vituo vya wilaya, DICECE. Hapo walimu walisoma miaka 2 huku wakifanya kazi, wakienda darasani wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, wengine na mtoto mchanga mgongoni. Walipata vyeti, na vyeti vile ni vya haki. Lakini wakarudi darasa lile lile, kwa kamati ile ile ya wazazi na ada zile zile.

Katiba ya mwaka 2010 iliitoa elimu ya watoto hao kwa Serikali za kaunti, na kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 walimu walifurahi, maana sasa walikuwa na mwajiri mwenye hazina. Hatusemi kaunti hazikufanya kitu. Zimejenga madarasa, zimeandika walimu kwa maelfu, na mshahara unaotoka katika hazina ni bora kuliko ada za kubahatisha. Lakini wengi waliandikwa kwa mkataba wa miaka michache, na mkataba ukiisha mtu huanza tena kama mgeni, hata akiwa na miaka 15 darasani. Kaunti hii hulipa hivi, na jirani yake hulipa vingine.

Sasa linganisheni na mwalimu wa shule ya msingi aliyeandikwa na TSC. Yeye huingia katika cheo cha B5, na mbele yake vyeo vimepangwa kwa herufi na tarakimu mpaka D5 ya mkuu wa shule kubwa ya sekondari. Huenda asifike. Wengi hawafiki, nao wanalalamika kila siku, na wana haki ya kulalamika. Lakini wajua wanalalamikia nini. Yule wa chekechea TSC humwandikisha na kumpa nambari, kisha humwambia mwajiri wako ni kaunti. Kaunti humwambia mambo ya mishahara yangoja shauri la Tume ya Mishahara. Hivyo ana milango mitatu, na kila mlango humwelekeza kwenye mwingine.

Kuna na neno la uongozi, nalo kwa maoni yetu ndilo kubwa zaidi. Chekechea nyingi za Serikali zimo ndani ya uwanja wa shule ya msingi, na mkuu wa shule ile ndiye mkuu wa chekechea pia. Mkuu huyu ameajiriwa na TSC. Mwalimu wa watoto ameajiriwa na kaunti. Mara nyingi mkuu hakusomea mambo ya watoto wa miaka 4 na 5. Akili yake iko kwenye mtihani wa darasa la 6, na tangu mwaka 2023 ameongezewa pia madarasa ya juu ya 7, 8 na 9. Hatumlaumu, mzigo wake ni mzito. Lakini ni nani asemaye kwa ajili ya wadogo?

Tunaijua shule moja karibu na njia ya reli, ambayo hatutaitaja jina. Madarasa ya juu yalipokosa nafasi, wakubwa walikutana wakaamua kuchukua chumba cha chekechea. Watoto wakahamishiwa jikoni, mahali pa kupikia uji, na uji ukapikwa nje, na mvua zilipokuja uji haukupikwa. Mwalimu wao alipata habari asubuhi alipokuta madawati marefu yameingizwa ndani na viti vidogo vimerundikwa uani. Yeye ana miaka 19 katika kazi hiyo na stashahada aliyoilipia mwenyewe. Hakuitwa mkutanoni, kwa sababu hakuna cheo kinachomfanya aitwe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeweka mjumbe 1 wa walimu katika halmashauri ya shule, lakini mahali penye walimu 20 wa madarasa makubwa na 2 wa chekechea, mnadhani kiti hicho kitakwenda kwa nani?

Mafundi wote wajua kwamba nyapara wa genge asiyejua kupima upana wa reli ataangusha gari. Kazi ya watoto wadogo ina vipimo vyake. Mwenye kuijua huona mapema mtoto asiyesikia vizuri, ambaye wengine wamemwita mtukutu. Hujua kwamba mtoto wa miaka 4 akicheza na mchanga na vizibo vya chupa anajifunza hesabu, na kwamba kumketisha kimya akinakili herufi saa 2 nzima ni kumchosha bure. Hujua choo cha watu wazima humwogopesha mtoto. Mtu kama huyo ndiye afaaye kuongoza wenzake na kuwafundisha walio wageni. Na leo akitaka kupanda, njia iliyo wazi ni moja, aache chekechea. Asome tena, aende darasa kubwa, au aende shule ya mtu binafsi, au auze nguo sokoni. Tangu mwaka 2021 vyuo vya ualimu vinatoa stashahada maalum ya watoto wadogo, na hilo ni jema. Lakini tukiwasomesha vijana kwa stashahada na kuwapeleka mahali pasipo na cheo cha pili, tunajaza maji katika debe lililotoboka.

Ndugu mmoja katika tawi letu alisema kulea watoto ni tabia ya wanawake, wataka cheo cha nini. Twamwuliza ndugu huyo kama kutembea kwa miguu nako ni tabia ya wanaume, basi mkaguzi wa njia atembeaye maili kwa maili akikagua mataruma asilipwe. Mwingine alisema kaunti hazina fedha. Pengine. Lakini kuandika ngazi katika karatasi ni hatua ya kwanza, na karatasi si ghali.

Twataka kila kaunti iandike vyeo vya walimu hawa, kuanzia mwalimu mpya mpaka mwalimu mwandamizi, na miaka ya zamani ya kazi ihesabiwe. Twataka penye chekechea awepo mwalimu kiongozi mwenye barua na posho yake, aketi katika mkutano unaoamua habari za vyumba na chakula. Na maafisa wa kaunti wanaokagua shule hizo wachaguliwe kati ya walimu waliofundisha watoto, kama vile mkaguzi wa madereva alivyo dereva. Mwenye stashahada aongezewe akiwa pale pale na watoto.

Wakati wa kusema uko. Kila mwaka kabla ya Februari 28 kaunti hupeleka mpango wake wa fedha kwa bunge la kaunti, na makadirio yenyewe kabla ya Aprili 30, na sheria yataka wananchi wasikilizwe. Mikutano hiyo mara nyingi hujaa watu wa barabara na soko, na twajua ni wachache wetu waendao. Safari hii tawi lipeleke watu 4, wawili wao wakiwa akina mama wafundishao. Kila mzazi amwulize mwalimu wa mtoto wake mambo matatu, ana miaka mingapi kazini, mkataba wake waisha lini, na mara ya mwisho alipopandishwa cheo ni mwaka gani. Majibu yaandikwe bila majina, yaletwe kwa Karani wa tawi kabla ya mkutano wa Januari.