Sayansi Haimtengi Mtu na Watu

Wengi wetu tunaamini kwamba anayebobea katika sayansi hajui kukaa na watu. The Big Bang Theory, kipindi cha vichekesho cha Marekani, kiliipa imani hiyo sura na sauti kwa misimu 12, kuanzia 2007 hadi 2019. Sheldon Cooper, mwanafizikia wa Caltech, anamudu nadharia nzito lakini hatambui kwamba mwenzake amekasirika mpaka aambiwe. Tunacheka, kisha tunaondoka na fundisho potovu: kichwa kilichojaa fizikia hakina nafasi ya utu. Huku kwetu Kimilili, magharibi mwa Kenya, fundisho hilo lina gharama, maana mwanafunzi anayeingia Gredi ya 10 sasa huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mtoto mkimya anasukumwa maabara, msemaji anaambiwa akasomee sheria, na hakuna anayeuliza wanapenda kujua nini.

Kipindi chenyewe kinaipinga imani hiyo. Hesabu zilizoandikwa kwenye ubao wa Sheldon zilikaguliwa na David Saltzberg, mwanafizikia wa chuo kikuu cha UCLA, ndiyo maana zilikuwa za kweli. Tabia za wahusika zilitungwa ili tucheke, lakini usahihi wa ubao umetufanya tuamini na tabia pia. Na Mayim Bialik, aliyeigiza Amy, mtaalamu wa ubongo asiyejua kujichanganya, ana shahada ya uzamifu katika sayansi hiyohiyo ya ubongo. Kumwigiza mtu asiyeelewa wenzake mpaka hadhira icheke kunahitaji kuwaelewa watu kwa kina.

Lakini ushahidi mzito uko karibu nasi. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mbegu ya mahindi H611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na aina kutoka Ecuador. Mbegu chotara kama hiyo hupoteza nguvu ikirudiwa msimu wa pili, kwa hiyo mkulima aliyezoea kuchagua mahindi mazuri ghalani mwake na kuyatunza kwa msimu ujao alitakiwa aiache desturi hiyo na anunue mbegu kila mwaka. Hesabu za maabara peke yake hazingemshawishi. Ilibidi aone mashamba ya maonyesho, asikie maafisa wa kilimo wakijibu maswali yake, aikute mbegu katika duka la kijijini. Wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya waliipokea kwa kasi kwa sababu sayansi ile ilikuwa na watu waliojua kuzungumza nao. Wangari Maathai naye alipata shahada ya uzamifu mwaka 1971 katika anatomia ya mifugo, kisha mwaka 1977 akaanzisha vuguvugu la kupanda miti la Green Belt, akiketi na wanawake wa vijijini kuzungumza kuhusu miche na kuni. Hapa hapa Kimilili, Friends School Kamusinga inasifika kwa matokeo ya mitihani, na vilevile kwa mpira wa magongo na tamasha za drama.

Wapo watakaosema kwamba wanasayansi wakimya wapo kweli, na watamtaja mwanafizikia Paul Dirac. Sawa, Dirac alikuwa mtu wa maneno machache mno. Lakini Richard Feynman, mwanafizikia wa Caltech ileile ya Sheldon, alipiga ngoma za bongo na mihadhara yake ilivuta wanafunzi. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel. Wengine watasema mtoto mwenye usonji hatimaye amejiona katika Sheldon. Hoja hiyo naiheshimu, ingawa watunzi hawakumpa Sheldon jina hilo. Hata hivyo, mtoto anayetaabika kuwasiliana anahitaji msaada, na mzazi anayejifariji kwamba taabu hiyo ni dalili ya akili nyingi anamnyima msaada huo. Kuna watoto wenye usonji wanaopenda hisabati, na kuna wanaopenda kuchora. Wote wanastahili kuulizwa.

Basi walimu na wazazi, msimpeleke mtoto maabara kwa sababu haongei, wala msimfungie mlango wa maabara kwa sababu anaongea sana. Msichana mcheshi anayeuliza kwa nini mahindi ya jirani yamekauka ameshaianza kazi ya sayansi. Mpeni mkondo wa sayansi akiutaka.