Tusiikwangue Mirathi Yetu

Hivi majuzi nilikwenda Lamu kumzuru shangazi yangu, nikalikuta kasha lake limeparara kama ubao mpya wa dukani. "Nimelitengeneza kwa ajili ya arusi, mwanangu," aliniambia, lakini uso wake haukuwa na furaha. Fundi alikuja na mashine ya msasa. Weusi wa msaji uliokoza kwa miaka mingi ukaondoka, na nakshi za pembeni zikaondoka nao. Hata misumari ya shaba imelika vichwa.

Makasha ya namna ile yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, yakija na kaskazi. Nyanya zetu waliweka humo nguo, dhahabu na hati za nyumba. Je, nakshi ikishafutwa, huota tena?

Simlaumu fundi peke yake. Sisi wenyewe ndio tunaotaka king'ae leo kwa kuwa Idi ni kesho. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika urithi wa ulimwengu mwaka 2001, nasi twajivunia milango na kuta zake. Lakini samadari na viti vya enzi vilivyomo ndani ya kuta hizo twavitoa kwa mashine!

Waama, kazi yenyewe si ngumu. Nami nimeijaribu kwa kiti cha marehemu baba. Kwanza nilikipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, nikakiacha kivulini kikauke. Kisha nilitia spiriti katika kitambaa nikajaribu mahali pasipoonekana. Polishi ilinata, nikajua ni ile ya kale itokanayo na utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, ambayo huyeyuka kwa spiriti. Hiyo haihitaji kukwanguliwa: hulainishwa, ikatandazwa upya, kisha ikaongezwa nyingine juu yake kidogo kidogo. Penye nakshi nilitumia mswaki mkuukuu. Msasa niliutumia mahali pamoja tu palipochubuka, tena ule laini wa namba 220, nikifuata nyuzi za mbao.

Ikiwa spiriti haiyeyushi kitu, basi ni vanishi au rangi, na hapo hutakiwa dawa ya kuondolea rangi, kwa glavu na mahali penye hewa. Rangi za zamani huenda zikawa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Hiyo ni sababu nyingine ya kuuogopa msasa.

Kiti changu bado kina alama pale baba alipokuwa akiweka mkono wake. Sikutaka kuiondoa.

Wazee walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Basi ndugu zangu, kabla hujamwita fundi, muulize kwanza ataanza na nini. Akikujibu, "Mashine," mshukuru, umpe kahawa, kisha umsindikize mlangoni.