Njia Ndefu ya Kuufikia Ukadiriaji Majenzi



Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, wazazi hutuletea swali moja: binti alitamani kuwa mkadiriaji majenzi, naye amepata C-. Je, ndiyo basi? Twajibu kwamba mlango haujafungwa, ila safari itakuwa ndefu.

Mkadiriaji majenzi huisoma ramani kabla ya msingi kuchimbwa, akahesabu mawe, saruji, nondo na mbao, akaandika ile hati ambayo mafundi huiita BQ. Ujenzi ukiendelea, huipima kazi iliyokwisha ili mkandarasi alipwe anachostahiki, pasi na kuzidishiwa wala kupunjwa. Sote twazijua nyumba zilizokwama kwenye linta miaka na miaka, mwenyewe akiwa kaburini na warithi wakitazamana. Aisomaye Suratul Mutaffifin hahitaji kuelezwa uzito wa kipimo cha haki.

Njia iliyonyooka ni C+ kisha shahada, kama ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini C- humwezesha binti kusomea stashahada, na hata mwenye D huweza kuanza na cheti cha ufundi, kisha akapanda. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikiwa taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora miongoni mwa wengine. Lengo lilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu elimu ya ufundi. Hivyo, mzazi aonaye haya kusema kwamba mwanawe anasoma ufundi amewasahau wazee wake.

Akiwa na stashahada ya ujenzi au ya ukadiriaji, binti huweza kutafuta kazi ya usaidizi kwa mkandarasi au katika afisi ya wakadiriaji, kisha akaomba shahada baadaye. Kwa familia inayouepuka mkopo wenye riba, hatua hii si ndogo: mshahara, japo haba, huchangia karo.

Asijiite mkadiriaji mapema, hata hivyo. Sheria ya Kenya, Sura ya 525, imelihifadhi jina hilo kwa waliosajiliwa na Bodi, na usajili hutanguliwa na kazi chini ya mtaalamu pamoja na mitihani ya taaluma.

Akina mama huuliza juu ya kuchanganyika na wanaume mjengoni, nao wana haki ya kuuliza. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika mezani, lakini kupima hakufanyiki kwa simu, lazima afike. Buibui linaloburura ni hatari penye ngazi. Vazi pana lisilogusa chini, mtandio uliofungwa vyema ndani ya kofia ngumu, na viatu vya kazi vyatosha kwa sitara na usalama.

Kabla ya kulipa karo ya stashahada, mzazi akiulize chuo kikuu anachokikusudia kama kitaipokea, kwa daraja gani la ufaulu, na kama itampunguzia mwanafunzi mwaka wowote. Kisha aiulize Bodi kama shahada yenyewe inatambuliwa. Majibu yote mawili ayapate kwa maandishi.