OHIO ILIMRUDISHA BWANA TAFT, IKAMWANGUSHA BWANA BRICKER



Uchaguzi ukikaribia, swali moja hufika katika kila ofisi ya chama cha wafanya kazi: "Mheshimiwa aliye kitini ametuumiza, na sasa anaomba kurudi. Mbona chama hakisemi neno?" Wanaouliza huamini ya kuwa viongozi wakisha tamka jina, kura za wanachama zitafuata kama mabehewa yanavyofuata gari moshi, na Mheshimiwa ataanguka siku ile ile.

Dawa hii imekwisha jaribiwa, tena na watu wenye nguvu kuliko sisi. Waliijaribu wafanya kazi wa jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1950, nayo ikawarudi vibaya. Miaka 8 baadaye, katika jimbo lile lile, walimwangusha seneta mwingine ambaye hata hawakuwa wamemwekea shabaha. Habari hizi mbili zinafaa kusomwa pamoja.

Kwanza kiti chenyewe. Kila jimbo la Marekani hupeleka maseneta 2 Washington. Seneta hachaguliwi na pembe moja ya jimbo. Huchaguliwa na jimbo zima, na tangu 1913 wanaomchagua ni wananchi wenyewe, siyo bunge la jimbo kama zamani. Hukaa miaka 6, na akimaliza anaweza kuomba tena na tena bila kikomo. Ohio ina kaunti 88. Wakati ule kulikuwa na viwanda vya chuma Youngstown na Cleveland, viwanda vya mipira ya magari Akron, machimbo ya makaa upande wa mashariki, na katikati mashamba makubwa ya mahindi ambako wengi hawakupata kuona kadi ya yunioni. Anayetaka useneta wa Ohio hana budi kupata kura za mchimbaji na za mkulima pia.

Mwenye kiti mwaka 1950 alikuwa Bwana Robert Taft, wakili wa Cincinnati, wa chama cha Republican, ambaye baba yake alipata kuwa Rais wa Marekani. Alichaguliwa mara ya kwanza 1938. Mwaka 1944 aliponea chupu chupu: katika kura karibu milioni 3 alimshinda mwenzake kwa kura zisizofika 18,000. Kisha mwaka 1947 akafanya jambo ambalo wafanya kazi wa Marekani hawakumsamehe. Alitunga pamoja na Bwana Hartley sheria inayoitwa kwa majina yao, Taft-Hartley. Rais Truman aliikataa, lakini mabaraza yote mawili yakaipitisha vivyo hivyo.

Sheria ile ilikataza mapatano ya kumtaka tajiri aajiri wanachama wa yunioni peke yao. Ilikataza yunioni kuwasaidia ndugu wa kiwanda kingine kwa kumgomea tajiri anayefanya biashara na tajiri wao. Ilimpa Rais njia ya kwenda mahakamani kusimamisha mgomo mkubwa kwa siku 80. Na katika kifungu chake cha 14(b) iliyaachia majimbo uwezo wa kukataza hata yale mapatano mepesi, yasemayo kwamba mtu akisha ajiriwa sharti ajiunge na chama au alipe ada. Jambo hili la ada sisi tunalijua sana. Sheria yetu ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inaruhusu asiye mwanachama akatwe ada ikiwa mapatano ya pamoja yamemfaidia, na kila shop stewadi amekwisha sikia kelele za mtu aliyekatwa, ambaye nyongeza ya mshahara aliipokea bila kelele yo yote.

Basi 1950 ilipofika, vyama vya Ohio vilijiambia: huyu alipona kwa kura 18,000 kabla ya kututungia sheria, sasa atapona kwa nini? AFL na CIO, ambazo wakati ule zilikuwa bado mbali mbali, zilitoa fedha, zilileta wasemaji, zilipiga chapa karatasi kwa wingi. Zilitoa hata kijitabu cha katuni kumwonyesha Taft kuwa kibaraka wa matajiri. Kila mkutano ulikuwa Taft, Taft, Taft. Wale matajiri nao hawakulala, wala mifuko yao haikufungwa. Baada ya uchaguzi kamati ya Seneti ilikaa kuchunguza mambo yote ya kampeni ile.

Lakini nani alisimamishwa kupambana naye? Alikuwa Bwana Joseph Ferguson, Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo, wa chama cha Democrat. Alikuwa mtu mchangamfu, hodari wa kuwapelekea wapiga kura kadi za Krismasi, na jina lake lilijulikana kila mahali. Lakini mambo ya Seneti ni vita, kodi na sheria, na mwaka ule vita vya Korea vilikuwa vimeanza. Hapo watu walipompima na Taft waliona tofauti. Hata Gavana Lausche, wa chama chake mwenyewe, hakujitia katika kumsaidia. Tunasema wazi: chama kikisema tu "mwondoeni yule" bila kuangalia anayeingizwa, kinamwomba mwanachama anunue mbuzi ndani ya gunia.

Lilikuwapo pia jambo la karatasi ya kura. Zamani Mwohio aliweza kutia alama moja juu ya jina la chama cha siasa na kuwapa watu wote wa chama kile kura yake. Watu wa Taft waliona hatari ya Gavana Lausche, aliyependwa sana, kumburura Ferguson nyuma yake. Novemba 1949 wananchi waliulizwa, wakakubali karatasi ibadilishwe, na tangu hapo kila kiti kikatiwa alama yake. Vyama vya wafanya kazi vililipinga, lakini mwaka ule macho yao yalikuwa juu ya mtu kuliko karatasi.

Na Taft alifanya nini? Alizunguka. Alikwenda katika kaunti zote 88, akaingia viwandani kwenye mashine, akawapa watu mkono. Hakuwa msemaji mtamu, wala uso wake haukuwa wa kuchekacheka. Lakini aliwaambia wafanya kazi: sheria hii haikuwekwa kwa ajili yenu, imewekwa kwa ajili ya wakubwa wa yunioni wanaowatawala; na sasa watu wa nje ya Ohio wanaleta fedha kuja kuwachagulieni seneta. Sisi hatuwezi kuyasifu maneno haya, maana sheria ile iliwabana wanachama kabla haijambana kiongozi ye yote. Lakini tukiri kwamba yaliingia masikioni. Mtu wa Youngstown alipotazama bahasha yake ya mshahara mwaka 1950 hakuona ya kuwa imepungua. Aliambiwa ya kuwa yeye ni mtumwa, akajitazama, akajiona ana kazi na pengine ana gari.

Novemba 7 kura zilihesabiwa. Taft alipata 1,645,643, Ferguson 1,214,459. Tofauti ikawa zaidi ya 430,000 badala ya zile 18,000, na Taft alichukua karibu kaunti zote, zikiwamo za viwanda vikubwa. Hesabu ya namna hiyo haipatikani kwa kura za matajiri, kwa kuwa matajiri hawafiki wingi huo. Walimpa wafanya kazi wenyewe, pamoja na wake zao.

Sasa tuje mwaka 1958. Taft alikuwa amekwisha fariki, 1953. Aliyekuwa akiomba kipindi cha tatu ni seneta mwingine wa Ohio, Bwana John Bricker, aliyepata kuwa gavana, na 1944 akasimama kuwa Makamu wa Rais asifaulu. Watu wengi walimwona kuwa hawezi kung'oka. AFL na CIO zilikuwa zimekwisha ungana tangu Desemba 1955. (Ni hao AFL-CIO waliompa marehemu Tom Mboya dola 35,000 za kujengea makao ya Kenya Federation of Labour hapa Nairobi.)

Mwaka ule kazi zilikuwa zimepungua Marekani, na watu wa viwanda vya chuma na magari wengi walikuwa nyumbani bila kibarua. Ndipo kundi la waajiri wa Ohio likaamua kukitumia kile kifungu cha 14(b). Walileta swali mbele ya wapiga kura wote wa jimbo, siku moja na uchaguzi wa seneta, kutaka katiba ya jimbo ikataze mapatano ya kumtaka mfanya kazi awe mwanachama. Wakaliita jina zuri: Haki ya Kufanya Kazi. Bricker mwenyewe aliwaonya wasilete jambo hili mwaka ule. Hakuwa akiwahurumia wafanya kazi. Alijua litawaamsha waliolala. Hawakumsikia. Gavana O'Neill yeye aliliunga mkono waziwazi.

Na kweli waliolala waliamka. Safari hii yunioni hazikuwaomba watu wamchukie mtu fulani. Wanachama walikwenda nyumba kwa nyumba, waliandikisha wapiga kura, walikaa jikoni na akina mama wakieleza mapatano ni kitu gani, mshahara wa kiwandani ulipandaje, na nani atasimama mbele ya tajiri chama kikidhoofika. Waliungana na viongozi wa makanisa na NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Swali lilikuwa la mfuko wa mtu mwenyewe, katika mwaka ambao mfuko ulikuwa mtupu.

Novemba 4, 1958, zaidi ya watu milioni 3 walilijibu swali lile, na kama milioni 2 kati yao walisema hapana. Na watu wakisha fika kwenye sanduku hawaweki alama moja wakaenda zao. O'Neill alianguka. Bricker alianguka kwa zaidi ya kura 150,000, mbele ya Bwana Stephen Young, wakili wa miaka 69, ambaye mwaka 1950, siku ile ile Taft aliposhinda, yeye alinyang'anywa kiti chake cha Congress. Siyo kwamba Young alikuwa simba kuliko Ferguson. Walakini aliufahamu mwaka wake, alisimama waziwazi upande wa yunioni, na watu walikuwa wamekwisha jua kinachobishaniwa kabla hawajaulizwa jina la mtu.

Hatusemi ya kuwa ushindi ule ulimaliza mambo. Kifungu cha 14(b) kiko mpaka leo. Mwaka 1965 Baraza la Wawakilishi lilikubali kukifuta, maseneta wakaongea mpaka jambo likafa. Young naye alipoomba kurudi 1964 alipita kwa kura zisizofika 17,000, na aliyemkaribia hivyo ni Taft mdogo, mtoto wa yule yule.

Turudi kwa wanaotuuliza mbona chama hakisemi neno. Chama kitasema, lakini kitasema juu ya mambo: nani alipiga kura gani Bungeni juu ya makato ya mshahara, juu ya vibarua wa mikataba ya miezi mitatu mitatu, juu ya fidia ya anayeumia kazini. Hayo yameandikwa katika taarifa za Bunge, nasi tutayachapa katika kurasa hizi, jina kwa jina, pamoja na ya wale wanaotaka kuingia mahali pao ikiwa wamepata kushika kazi ya umma. Kiongozi wa tawi anayetaka kumwahidi mwanasiasa kura za wanachama, ajue ya kuwa anauza mali isiyo yake.

Na kwa kuwa Katiba yetu ya 2010 imeweka siku, Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, hakuna tawi litakalosema halikupata nafasi. Kila katibu wa tawi aketi na ma-shop stewadi wake, achukue orodha ya wanachama, aulize mmoja mmoja kama amejiandikisha na ni katika kituo gani. Maana wengi wetu tunafanya kazi mjini na majina yetu yako nyumbani, na siku ya kura nauli haipatikani. Wenye kutaka kuhamisha majina wasaidiwe mapema. Orodha hizo ziletwe makao makuu pamoja na hesabu ya ada ya mwezi.