Mchepuo wa Biashara Si Kapu la Waliofeli Hesabu

Mwalimu wa sekondari akimwambia mzazi kwamba mwanawe "atafaa biashara", mara nyingi hajaona kipaji cha uhasibu. Ameona alama za fizikia. Ndivyo michepuo inavyogawanywa katika shule zetu nyingi, na hapa Mabibo, Dar es Salaam, hakuna tofauti: wakali wanapelekwa sayansi, wenye lugha wanabaki sanaa, na wale ambao mtaaluma hajui awaweke wapi wanaambiwa wakasome utunzaji wa vitabu.

Ajabu ni kwamba mwalimu huyohuyo anauheshimu mno uhasibu ukishafika ofisini. Mwanawe akifaulu mitihani ya bodi ya wahasibu na kupata CPA, cheti cha juu cha uhasibu, mtaa mzima utajua kabla ya jioni. Bodi yenyewe, NBAA, imetokana na sheria ya 1972, na CPA haitolewi kwa mitihani peke yake. Inadai pia miaka 3 ya kazi kwa vitendo. Mtoto aliyesukumwa huko kwa sababu asilimia zimemshinda kidato cha pili atafikaje?

Nadhani kuna sababu nyingine ambayo walimu hawaisemi mbele ya wazazi. Wengi wao uhasibu wameuonja, na umewaachia uchungu. Tangu elimu bila ada ilipofika sekondari mwaka 2016, fedha za ruzuku zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Mwaka 2017 ukaja mfumo wa FFARS wa kutunza hesabu za vituo. Zahanati na shule zikatakiwa kufunga hesabu, lakini katika shule nyingi kazi hiyo anaangushiwa mwalimu. Leo anafundisha Historia vipindi vinne, kesho anajaza vocha na kulinganisha leja na taarifa ya benki. Fundi aliyeziba bomba la choo hana mashine ya EFD ya kutolea risiti, kwa hiyo risiti hakuna. Mkaguzi akija, hoja inaandikwa, na anayeijibu ni mwalimu wa Historia. Mtu wa namna hiyo hawezi kusimama darasani akauita uhasibu kazi tamu.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Kilichowaumiza ni kufanyishwa uhasibu bila kufundishwa, na hilo ni deni la serikali, si kasoro ya taaluma.

Na mifano ya thamani ya taaluma hiyo haiko mbali. Nenda soko la ndizi la Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, lori likiwa linashusha. Mfanyabiashara ana kauntabuku iliyokunjika pembe: jina la mteja, idadi ya mikungu, "kalipa nusu", tarehe ya ahadi. Nusu ya mauzo ni mkopo. Asipojua nani anadaiwa nini, mzigo unaofuata hauji. Hiyo ni leja ya wadaiwa, na mwanafunzi anayepita hapo kila asubuhi hajawahi kuambiwa hivyo.

Kama walimu wanataka mfano wa ngazi ya juu, wasisahau kwamba Profesa Mussa Assad, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuanzia 2014 hadi 2019, alitokea kufundisha uhasibu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2019 Bunge liliazimia kutofanya naye kazi kwa kauli yake kuhusu udhaifu wa Bunge. Kazi inayoweza kulitikisa Bunge haistahili kuwa kimbilio la wenye alama ndogo.

Mtaala mpya umeingiza elimu ya biashara kuanzia kidato cha kwanza. Ni hatua nzuri, ila kitabu hakitashinda kauli ya mtaaluma siku ya kuchagua michepuo. Wakuu wa shule, kabla ya siku hiyo alikeni mhasibu mmoja aje azungumze na kidato cha pili, na wakali wa hesabu wakae mstari wa mbele. Nayo TAMISEMI iajiri wahasibu wasaidizi wa shule, hata mmoja kwa kata, mwalimu wa Historia arudi darasani.