Mama akiimba, vijiko vinyamaze

Katika mtaa wa Alfama, mjini Lisboa, nchi ya Ureno ambayo wengi huku Kongo wanaiita Portugal, kuna migahawa midogo ambamo watu wanakula wakiongea kwa sauti kubwa kama watu wa popote. Sahani zinapita, mvinyo unamiminwa, mtu anacheka kwenye kona. Halafu taa zinapunguzwa. Mhudumu aliyeshika sahani mbili anasimama palepale alipo. Wapiga gita wawili wanakaa kwenye viti vyao karibu na ukuta. Mwanamke mwenye shali nyeusi mabegani anasimama karibu nao, mara nyingi bila kipaza sauti, na kabla hajafungua kinywa nyumba nzima imekuwa kimya. Mgeni anayeendelea kugonga sahani kwa kijiko anaangaliwa kwa jicho kali na watu wa meza ya jirani.

Hiyo ndiyo fado, muziki wa Lisboa. Neno lenyewe limetoka katika Kilatini, na maana yake ni majaliwa, yale yanayompata mtu bila yeye kuyachagua. Na desturi hiyo ya kunyamaza inafaa kufikiriwa sana na familia zilizohama makwao mashariki mwa Kongo, pamoja na wale wanaozipokea na wanaozisaidia. Wimbo wa mtu aliyepoteza kitu unapewa ukimya kwanza, kabla ya makofi na kabla ya pesa. Huku Kongo nyimbo za namna hiyo zipo nyingi. Ukimya ndio haupo.

Usiku wa fado una utaratibu wake. Gita moja ni la Kireno, lenye tumbo la mviringo na nyuzi 12, na sauti yake ni nyembamba na inayolia. Gita la pili ni la kawaida, linashika mwendo chini. Mwimbaji anaimba nyimbo tatu au nne, mara nyingi akiwa amefumba macho, kisha taa zinawaka na watu wanarudi kwenye chakula. Mezani kuna supu ya majani, kuna mkate, na kuna samaki wa chumvi ambaye Wareno wanamwita bacalhau. Mkongomani hawezi kumshangaa samaki huyo, kwa sababu ni ndugu wa makayabu. Baada ya muda taa zinazimika tena, na mwimbaji mwingine anasimama.

Katika nyumba nyingine hakuna waimbaji wa kazi. Jirani anasimama, mpishi anatoka jikoni akijifuta mikono, mzee wa mtaa anaacha glasi yake. Kila mmoja anaimba wimbo wake na wote wananyamaziwa sawasawa. Hakuna anayeuliza kama mzee huyo ana sauti nzuri. Wanasikiliza kama anasema kweli.

Kitu wanachokiimba zaidi Wareno wanakiita saudade. Ni hamu ya mtu au mahali palipo mbali, au palipopotea kabisa, pamoja na utamu na uchungu wa kupakumbuka. Mama aliyeacha shamba la mihogo likiwa tayari kuvunwa, akakimbia na watoto na sufuria moja, hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Mzee anayejua kila jiwe la njia ya kijiji chake, lakini leo anahesabu hatua kati ya hema lake na bomba la maji, analijua pia.

Inafaa kukumbuka fado ilitoka kwa watu gani. Haikuzaliwa katika nyumba za wakubwa. Ilikua katika karne ya 19 kwenye mitaa ya mabaharia, wachuuzi na wamama waliodharauliwa. Mwimbaji wa kwanza mwenye jina kubwa, Maria Severa, alizaliwa mwaka wa 1820, akaimba katika mtaa maskini wa Mouraria, akajulikana mjini kama kahaba, na akafa mwaka wa 1846 akiwa na miaka 26 tu. Shali nyeusi wanayovaa waimbaji wanawake mpaka leo, wengi wanasema ni ya kumkumbuka yeye. Amália Rodrigues, aliyeipeleka fado duniani kote, aliuza matunda alipokuwa kijana. Alipofariki mwezi wa 10 mwaka wa 1999, serikali ya Ureno ilitangaza siku tatu za maombolezo, na baadaye mwili wake ukalazwa katika jengo wanamozikwa watu wakuu wa taifa. Mwaka wa 2011 shirika la UNESCO likaandika fado katika orodha ya urithi wa binadamu. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 2021, rumba ya Kongo nayo ikaingia katika orodha hiyo.

Tena Afrika ina sehemu yake katika muziki huo. Watafiti wengi wanaona kwamba fado ilianza Brazili kama ngoma ya kucheza, ikiwa na damu ya ngoma za watu waliotolewa Afrika kwa nguvu na kuuzwa utumwani ng'ambo ya bahari. Wengi katika hao walitoka pande za Angola na Kongo. Kwa hiyo katika hamu ile inayoimbwa Alfama, kuna uwezekano mkubwa kwamba imo pia hamu ya watu waliong'olewa katika nchi hizi hizi.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Mariza, mmoja wa waimbaji wakubwa wa fado wa leo, alizaliwa Msumbiji mwaka wa 1973, mama yake akiwa wa Msumbiji na baba yake Mreno. Alikuwa na miaka kama mitatu familia ilipohamia Lisboa, wakati ule ambapo watu wengi sana waliondoka makoloni ya Kireno ya Afrika. Wazazi wake walifungua mgahawa Mouraria, na huko fado iliimbwa. Mtoto alitaka kuimba lakini alikuwa hajajua kusoma. Basi baba yake alimchorea picha ndogondogo za hadithi ya wimbo, ili asisahau maneno. Mtoto aliyetoka mbali akapewa wimbo wa mtaa mpya kwa njia ya michoro, na leo mtaa huo unajivunia yeye.

Sasa, huku Kongo hali ikoje? Nyimbo za uchungu ziko kila mahali. Ziko kwenye matanga, wamama wanapoimba usiku kucha. Ziko kwenye foleni ya maji, na kwenye jiwe la kusagia, pale bibi anapoimba kwa lugha ya kijiji akifikiri hakuna anayemsikia. Nyingi hazijaandikwa popote. Wazee wanaozijua wanafariki mbali na makwao, na kila mmoja anazikwa na nyimbo zake.

Lakini wimbo wa mkimbizi wa ndani unasikilizwa lini? Mara nyingi ni siku wageni wanapotembelea kambi. Wamama wanapangwa mstari tangu asubuhi, wanaimba wimbo wa kukaribisha, na wageni wanapokea simu, wanapiga picha, wanatafuta viti. Siku nyingine wimbo unaagizwa: imbeni juu ya kunawa mikono, imbeni juu ya chanjo. Nyimbo hizo zina faida, na zimesaidia kuokoa maisha. Ila hakuna anayeuliza mama yule angeimba nini kama angeachwa achague mwenyewe. Na redio nazo zina kosa lao: mtangazaji anapunguza wimbo wa bibi katikati ya mstari ili aseme saa na atume salamu.

Wapo watakaosema kwamba wimbo haujazi tumbo. Ni kweli. Familia inayolala njaa inahitaji unga, na hakuna gita litakalokuwa mahali pa unga. Lakini watu hao hao wasiokuwa na unga hawaachi kuimba kwenye matanga. Wanaimba kwa sababu mtu aliyenyang'anywa nyumba na shamba bado ana kitu kimoja ambacho mwenye silaha hakuweza kukibeba. Kumsaidia mtu na kudharau kitu hicho ni kumsaidia nusu.

Wengine watasema nyimbo za huzuni zinalegeza watu, zinawafundisha kukubali mateso kama majaliwa. Hoja hii ina uzito, na historia ya fado yenyewe inaipa nguvu. Utawala wa kidikteta uliodumu Ureno mpaka mwezi wa 4 mwaka wa 1974 uliibana fado. Tangu mwaka wa 1927 mwimbaji alipaswa kuwa na kadi ya kazi, na maneno ya nyimbo yalipitishwa kwa wakaguzi wa serikali kwanza. Kisha utawala huo huo ukatumia fado kuonyesha kwamba maskini wa Ureno ni watu watulivu wanaoridhika na umaskini wao.

Hata hivyo kosa halikuwa la huzuni. Kosa lilikuwa la wale waliochagua huzuni ipi isikike. Mwaka wa 1962 Amália Rodrigues alirekodi wimbo uitwao Abandono, juu ya mtu aliyechukuliwa usiku na kufungwa kwa sababu ya mawazo yake. Watu wakautambua mara moja kuwa wimbo wa wafungwa wa siasa wa gereza la Peniche, na utawala ukaupiga marufuku. Wimbo wa uchungu ulioachwa huru unamtaja aliyeleta uchungu. Ndiyo maana wenye nguvu wanapenda nyimbo za kukaribisha wageni kuliko nyimbo za matanga.

Kuna onyo jingine kutoka Lisboa. Leo Alfama imejaa watalii, na kodi za nyumba zimepanda mpaka wenyeji wengi wa zamani wameondoka. Wimbo umebaki, unauzwa pamoja na chakula cha jioni, lakini wajukuu wa walioutunga wanaishi mbali na mtaa huo. Jambo hilo lisije likatokea kwa nyimbo za Kivu na Ituri, zikachukuliwa na simu ya mgeni, zikazunguka dunia, na mama aliyeimba asijue zimefika wapi wala asipate hata franka moja.

Yanayotakiwa kufanywa hayahitaji mradi mkubwa. Jioni moja kwa juma, kambini au kwenye ua wa familia iliyopokea wageni, simu zizimwe, watoto wakalishwe, na mmoja wa wazee aimbe wimbo wa kwao mpaka mwisho bila kukatizwa. Kijana mmoja tu awashe simu kwa ajili ya kurekodi, baada ya kuomba ruhusa. Aandike jina la mwimbaji na la kijiji chake, kama mwimbaji anakubali. Pale jina linapoweza kumletea mtu hatari, lisiandikwe, lihifadhiwe moyoni. Asiyejua kuandika achore, kama baba yake Mariza alivyofanya. Wanaojua wimbo ule kwa lugha nyingine waimbe nao wa kwao, kwa sababu kilio cha Mashi na kilio cha Kinande havishindani, na watu waliosikilizana usiku hawachongeani kwa urahisi asubuhi.

Waimbaji wa fado wanafanya pia jambo moja la kuigwa: wanachukua sauti ya wimbo wa zamani na kuivika maneno mapya. Kuna sauti za zamani huko zilizobeba mashairi mengi sana ya watu mbalimbali. Msichana aliyezaliwa kambini hajui shamba la bibi yake, lakini anaweza kuchukua sauti ya bibi na kuimba ndani yake mambo ya hema, ya foleni, na ya shule iliyofungwa. Hivyo wimbo unabaki hai.

Redio za jamii nazo zitoe dakika tano, mtangazaji akae kimya, wimbo upite kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha atamke kwa heshima umetoka kijiji gani. Wenye migahawa na nganda za Bukavu, Goma na Bunia wanaweza kufanya jambo dogo pia: usiku mmoja wazime muziki wa spika, wamwalike mama mmoja aimbe, wamlipe kama wanavyomlipa mpiga gita, na wawaombe wateja waweke vijiko chini.

Lisboa ilichelewa sana kumheshimu Severa. Alikufa maskini, na heshima ikaja akiwa ameshazikwa. Bibi anayeimba leo jioni pembeni ya jiko la makaa bado yuko hai, na kumnyamazia akiimba hakugharimu kitu.