Ukubwa wa Shimo Si Ukubwa wa Sayansi

Waxahachie, kusini mwa Dallas, kuna handaki lisilo na kazi. Lilikusudiwa kuwa na mzunguko wa kilomita 87, kwa mashine kubwa ya fizikia kuliko zote. Mwaka 1993 Bunge la Marekani likaufuta mradi, dola takriban bilioni 2 zimeshatumika na zaidi ya kilomita 20 zimeshachimbwa.

Toleo hili halihusu handaki. Linahusu kitu cha milimita chache: kigunduzi cha pikseli, chenye kazi ya kukamata fotoni moja tu na kusema imetua wapi na wakati gani. Fotoni ikiingia kwenye silikoni hung'oa elektroni moja. Umeme uliomo huisukuma ikang'oe nyingine, na hizo nyingine tena, mpaka mkondo upimike. Kisha rezista huuzima, pikseli ikawa tayari upya. Taabu ni kwamba joto nalo hung'oa elektroni, na pikseli haijui kutofautisha. Ndiyo sababu vigunduzi vingi hupozwa.

Kwenye muda ndiko kuna utamu. Mwanga hukata sentimita 6 kwa pikosekunde 200, na mashine za PET, zile za kutafuta saratani katika hospitali za Houston na hata Nairobi, zikiwa za kisasa hutumia tofauti ndogo kama hizo kujua vizuri zaidi uvimbe uko wapi mwilini.

Katika Chuo Kikuu cha Texas, Arlington, amefanya kazi mwanafizikia David Nygren. Mwaka 2018 yeye na Yuan Mei walipendekeza Q-Pix, pikseli inayopima chaji badala ya fotoni, kwa ajili ya vigunduzi vya neutrino vya agoni ya kimiminika: pikseli hungoja chaji ijae kama ndoo bombani, huandika saa, hujimwaga, huanza tena. Watafiti wa hapo wamejaribu pia seleni, ili pikseli hiyohiyo ihisi mwanga wa agoni wa nanomita 128, usiopenya kioo cha kawaida. Si ajabu sana, kwani Arlington ni jirani na Dallas. Na ni Dallas alikoonyesha mhandisi Jack Kilby saketi unganifu yake ya kwanza, mwaka 1958.

Basi wakuu wa idara za fizikia Dar es Salaam, Nairobi na Makerere, msisubiri bajeti ya handaki. Sanduku lisilopitisha mwanga, kigunduzi cha silikoni, chanzo cha umeme na osiloskopu vinatosha kuanzia. Nanyi wazazi wa Afrika Mashariki mlioko Arlington na Houston, mnaotaka watoto wasomee uuguzi, hiyo ni kazi njema, lakini mtoto anayefungua redio kuona kilichomo ndani mwacheni aifungue.